Saa Tisa Angani

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Shirimatunda, Moshi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya Rajabu kilinuka kutu na chai ya tangawizi. Watu wanne, meza moja. Katikati ya meza, simu ya Mwantumu, na kwenye kioo chake ramani ya dunia.

"Bangkok hii," Mwantumu alisema. "Addis Ababa hii hapa. Katikati kuna bahari, kuna India, halafu bahari tena. Karibu kilomita elfu saba."

"Sisi hatusafiri," Rajabu alisema. "Nipe muda."

"Ndege inaruka saa tano asubuhi. Inatua saa kumi jioni."

Urbanus alihesabu kwa vidole. "Masaa matano? Hayatoshi, bro. Kasiki lile siyo kopo la maziwa."

"Tiketi inaandika saa ya kila mji kivyake," Mwantumu alisema. "Saa tano ya Bangkok, huku kwetu ni saa moja, ndiyo kwanza unakoroga uji. Wametutangulia saa nne. Addis wanatumia saa yetu. Sasa hesabu, kuanzia saa moja mpaka saa kumi."

"Tisa," alisema Yusuph, mdogo wake Mwantumu, aliyekuwa amekaa juu ya tairi mlangoni.

"Tisa. Muda wote huo mzee yuko juu ya mawingu, simu imezimwa. Na msiniulize intaneti ya ndani ya ndege. Nimewakatia abiria tiketi za safari hiyo miaka mitano, haina."

Mzee mwenyewe alikuwa Ebenezeri, mfanyabiashara wa tanzanaiti, mwenye nyumba ya ghorofa kule Masama, juu ya Kwa Sadala, ndani ya kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo. Mawe ambayo hajayauza huyalaza kwenye kasiki, chumba cha chini. Ukilitikisa kasiki lile, simu yake inalia popote alipo duniani. Simu yake tu. King'ora alikiondoa, na hakutaka mlinzi wala polisi waunganishwe, kwa sababu Ebenezeri hamwamini mtu. Tajiri asiyeamini mtu ni rahisi kumwibia kuliko maskini mwenye majirani, ila ukimwambia atakuona una wivu.

Haya yote yalitoka kwa Urbanus. Ebenezeri ni baba yake mkubwa. Siku mafundi walipofunga mitambo, Urbanus ndiye aliyeshika ngazi.

"Kile kihamba kilikuwa cha baba yangu," alisema, kama alivyokuwa akisema kila siku akipata msikilizaji. "Kitindamimba ndiye anarithi kwao. Baba akafa, huyu akaja na saruji yake. Mimi naitwa Krismasi nile nyama, halafu naambiwa kwaheri."

"Utakula zaidi ya nyama," Rajabu alisema. "Hebu rudia njia."

Urbanus alichora mezani kwa kidole kilicholowa chai. Geti la mbele linatazamana na duka, huko hakufai. Kuna njia ya chini, inapita migombani hadi mlango wa nyuma. Bibi yake, Mektrida, mama mzazi wa Ebenezeri, anaishi humo na binti wa kazi. Siku ya soko wote wawili wanashuka Kwa Sadala saa tatu na hawarudi kabla ya saa nane.

"Hakuna kikwazo?"

"Kuna mtaro mmoja unakata njia. Mkavu. Kila Krismasi nauruka. Tutauziba na magogo ya migomba, pikapu ipite na mitungi ya gesi."

Rajabu aliridhika. Alikuwa mchomeleaji hodari, mtu wa Njoro, mikono mipana, maneno machache. Alimtazama Mwantumu. "Na wewe?"

"Mimi nina neno moja." Mwantumu alimwonyesha Yusuph kwa kidevu. "Huyu namleta mimi. Mama alinikabidhi akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Anaendesha gari, basi. Namrudisha nyumbani mzima, halafu hamtamtafuta tena maishani."

"Dada, mimi siyo mtoto," Yusuph alilalamika.

"Nyamaza."

"Yusuph ni mdogo wangu pia," Rajabu alisema, akaweka mkono kifuani. "Siwezi kumwacha."

Mwantumu aliamini. Huo ndio upuuzi wenyewe. Mwanamke aliyeweza kukuambia ndege iko wapi juu ya bahari alishindwa kumpima mtu aliyeketi naye meza moja.

Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi. Barabarani.

"Imeruka," Mwantumu alisema.

Kwenye simu, kindege cha njano kiliiacha Bangkok na kuanza kusogea juu ya maji. Hakuna aliyeshangilia. Ilikuwa Februari, kiangazi, vumbi limekaa hadi kwenye kope. Mlima ulikuwa wazi, theluji yake kidogo imebaki juu. Yusuph aliendesha taratibu, madirisha yamefunguliwa. Nyuma, chini ya turubai, mitungi miwili ya gesi iligongana kila walipopita tuta.

"Ukitoka hapa unafanya nini?" Urbanus alimwuliza Yusuph.

"Naenda Tanga. Kuna jamaa ana gereji. Dada ameshaongea naye."

"Dada, dada. Utaoa lini wewe?"

Yusuph alicheka. Mwantumu naye alitabasamu, akageuzia uso dirishani wasimwone.

Saa tatu na robo. Masama.

Walimwona Bibi Mektrida akishuka na kitenge chake cha bluu, binti wa kazi nyuma yake na kapu la parachichi kichwani. Urbanus alijificha chini ya kiti mpaka bibi yake akapita. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha kutembea, ila siku hiyo alilala sakafuni kama gunia ili asionwe naye.

Njia ya chini ilikuwa nyembamba, migomba inagusa vioo. Mtaro ukatokea, mkavu kweli, kina cha magoti, kingo zake zimesafishwa vizuri kwa jembe.

Yusuph alishuka akautazama. "Huu mtaro mbona umefagiliwa? Kuna mtu anautumia."

"Huku Wachagga tunapenda usafi," Urbanus alisema. "Ziba, muda unakwenda."

Waliangusha magogo ya migomba, wakajaza mawe, wakashindilia udongo. Yusuph aliigeuza pikapu, ikapanda juu yake kinyumenyume na kusimama hapo hapo, matairi ya nyuma juu ya mtaro, mkia ukielekea mlango wa nyuma. Mlango ulichukua dakika moja. Kamera ya korido iliwatazama, ikampigia kelele Ebenezeri, na Ebenezeri wakati huo alikuwa juu ya Ghuba ya Bengal, labda anachagua kuku au samaki.

Rajabu alishuka chumba cha chini, akawasha moto. Yusuph alimshikia mipira ya gesi. Haikuwa kazi yake, lakini Rajabu alimwita na yeye akaenda. Mwantumu alibaki kwenye gari na simu yake. Urbanus alizunguka nyumba akigusa makochi, akifungua kabati, akisonya.

Saa nne na nusu.

Mwantumu alisikia sauti ya maji. Kwanza alidhani ni bomba. Kisha akatazama chini.

Maji yalikuwa yanakuja mtaroni kutoka juu, ya kahawia, yamebeba majani. Yalifika kwenye magogo yao yakasimama. Yakajaa. Yakaanza kumwagika pembeni, kuingia migombani, kuzunguka matairi ya nyuma.

Alimkimbilia Urbanus. "Kuna maji!"

"Maji gani?"

"Ya mtaro wako mkavu!"

Urbanus alitoka, akatazama, mdomo wazi. Mtoto wa Masama, na hakujua. Huo haukuwa mtaro. Ulikuwa mfongo, mfereji uliochimbwa na babu wa babu zake, unaoleta maji kutoka mtoni juu kabisa hadi shamba la mwisho chini. Desemba mvua inanyesha na hakuna anayeuhitaji, ndiyo maana kila Krismasi yeye aliuruka mkavu. Februari ni kiangazi. Februari kila ukoo una siku yake na saa yake ya maji, na saa ikifika watu huwa wamesimama shambani na majembe, wanangoja. Mtoto yeyote wa darasa la pili pale kijijini angemwambia. Lakini nyumbani kwake yeye alikuwa akifika kula nyama.

"Yatapita," alisema.

"Yatapitaje, umeyaziba?"

Chini huko, watu wa zamu walikuwa wanatazama mfereji usio na tone. Mlimani unaweza kuiba kuku ukasamehewa. Maji ya mtu kwenye zamu yake hayaibiwi.

Saa tano kasoro dakika tano.

Walikuja kumi na wawili, wakifuata mfereji kwenda juu, wanaume na wanawake, majembe begani, mapanga ya kusafishia njia mkononi. Hawakuwa wanatafuta majambazi. Walikuwa wanatafuta maji yao. Mbele alikuwa Primus, mwenyekiti wa mfereji, mzee mwembamba mwenye mabuti ya mpira.

"Shikamoo mzee," Mwantumu alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Marahaba, mama. Nani ameziba maji?"

"Samahani sana, mzee. Sisi ni mafundi tu. Tumeletwa kurekebisha kitu ndani."

"Fundi hajui mfongo?" Primus alimtazama Urbanus. "Na wewe nakufahamu. Si mtoto wa marehemu kitindamimba? Mjukuu wa Mektrida?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe ndiye umewapitisha hapa? Haya. Toa hayo magogo maji yapite. Faini unaijua, debe la mbege na mbuzi. Tutanywa pamoja, yaishe."

Yangeisha. Hilo ndilo linalochoma roho. Debe la mbege na mbuzi mmoja, pole mbili tatu, na wale watu wangefungua maji wakarudi zao kwenye maharage yao bila kuchungulia hata dirisha. Mwantumu alilielewa papo hapo. Akamkanyaga Urbanus mguu.

Lakini Urbanus alikuwa amengoja miaka mingi kusimama pale kama mwenye mali. "Faini ya nini? Hapa ni kwetu. Nazuia ninachotaka. Mkitaka maji, subirini mpaka nimalize shughuli zangu."

Mwanamke mmoja alishusha jembe begani.

"Shughuli gani?" Primus alinusa hewa. "Mbona kunanuka chuma cha moto? Mektrida yuko wapi?"

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Rajabu alitoka na miwani ya kuchomelea kichwani, mkoba mweusi mkononi, amefurahi. Nyuma yake Yusuph, jasho tupu. Rajabu aliwaona watu, akayaona mapanga, na hakuuliza. Alitoa bastola akapiga juu.

Ndege wote wa kihamba kile waliruka. Watu walilala chini. Sauti kali ikapanda.

"Wezi! Wezi jamani! Wanamwibia bibi! Wezi!"

Ilikuwa sauti ya Urbanus. Alikuwa amesharuka mfereji, yuko upande wa Primus, mkono umenyooka unawaonyesha. Yowe likapokelewa. Likajibiwa ng'ambo ya korongo, likajibiwa juu kanisani, likashuka boma kwa boma. Kule mlimani yowe haliulizwi, linafuatwa.

"Panda!" Rajabu alifoka. Alikamata usukani yeye. Mwantumu alijitupa mbele. Injini ikawaka, matairi ya nyuma yakazunguka kwenye tope bila kwenda popote.

"Yusuph! Sukuma!"

Yusuph alisukuma. Aliweka bega kwenye mkia wa pikapu, miguu ndani ya maji hadi magoti, tope linamrukia usoni. Mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu gari lilichomoka, magogo yakatawanyika, na maji yakapata njia.

"Simama, apande," Mwantumu alisema.

Rajabu alikanyaga mafuta.

"Rajabu, simama! Hajapanda!"

Kwenye kioo cha pembeni alimwona mdogo wake akikimbia nyuma yao, mkono mmoja umenyooshwa kushika bodi. Aliishika. Akakimbia nayo hatua kadhaa. Kona ikaja, mkono ukaachia, migomba ikamficha.

Mwantumu alivuta breki ya mkono. Rajabu alimpiga na kitako cha bastola juu ya sikio.

"Unataka tufe wote?" alisema. "Yule ameshakwisha. Ameshakwisha, Mwantumu. Fikiria fungu lake, nitakupa wewe."

Damu ilimwingia jichoni. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, na kindege cha njano kilikuwa kimeifikia India, salama, kwa wakati, hakijui lolote.

Saa tano na nusu. Kwa Sadala.

Siku ya soko huwezi kukimbiza gari Kwa Sadala. Kuna ndizi chini, kuna mbuzi, kuna mikokoteni. Rajabu alipunguza mwendo, akapiga honi, akapunguza tena. Mwantumu alifungua mlango akajirusha. Alianguka juu ya mafungu ya nyanya za mtu, akainuka, na badala ya kukimbilia vichochoroni alikimbilia kituo kidogo cha polisi.

"Mimi ni jambazi," alimwambia askari wa zamu, mwanamke aliyeitwa Dainess. "Tumevunja nyumba ya Ebenezeri, Masama. Nifunge. Nitakuonyesha kila kitu. Ila twende sasa hivi, wanakijiji wamemshika mdogo wangu. Afande, nakuomba. Watamuua."

Dainess hakupoteza muda. Alimtia pingu, akaita wenzake wawili, gari likawaka. Walipanda mlima kwa honi na taa. Njia nzima Mwantumu alikuwa anapiga magoti yake kwa ngumi zilizofungwa, akisema ongeza mwendo, ongeza. Rajabu alishaingia barabara kuu na mkoba wake. Hajapatikana hadi leo, na Mwantumu, aliyemuuza kwa polisi, alimuuza bure.

Saa sita kasoro.

Watu walikuwa mia, labda zaidi, na walikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomwambia. Watu wanaopiga mwizi hupiga kelele, wakimaliza wanatazama chini.

Yusuph alikuwa amelala kando ya mfereji. Mtu alikuwa amemfunika majani ya migomba. Miguu ilibaki nje, kiatu kimoja. Maji yalipita pembeni yake kwa kasi, yanaelekea shamba la chini, kwa wenye zamu.

Mwantumu alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Nilisema aachwe," Primus alimwambia Dainess. Mabuti yake yalikuwa yametapakaa tope. "Nilisema, jamani huyu ameshashikwa, mwacheni. Yowe likishapigwa, nani anamsikia mzee?"

Saa kumi jioni.

Daktari alikuja, mpiga picha alikuja, wapelelezi wa Moshi walikuja. Mwantumu alizungushwa nyumba nzima na pingu zake aonyeshe walipopita. Alionyesha kila kitu. Hakuwa na cha kuficha tena, wala wa kumfichia.

Bibi Mektrida alikuwa amekaa ukumbini, kitenge chake cha bluu, mikono mapajani. Ndugu walikuwa wamempigia Ebenezeri mchana kutwa, wakaambiwa na ile sauti kwamba hapatikani. Urbanus alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi yake. Amenawa. Mtu amempa shati safi. Wanaume wawili walikuja kumshika mkono na kumshukuru. Mcheza kwao hutunzwa.

Simu ya bibi ililia. Ndege ilikuwa imetua Addis Ababa, haikuchelewa hata kidogo.

"Mama! Simu yangu imejaa ujumbe, kuna nini huko nyumbani?"

"Wezi, baba. Wamekata kasiki."

"Nani aliwaona?"

"Mtoto wetu Urbanus ndiye aliyepiga yowe."

"Muongo!" Mwantumu alisema kutoka mlangoni. Ukumbi mzima uligeuka. "Yeye ndiye aliyetuleta. Alituchorea njia. Alilala chini ya kiti cha gari asubuhi ili wewe bibi usimwone. Mwulize kuhusu mfereji uliozibwa, nani alituambia ni mtaro mkavu?"

Primus alifungua mdomo, akakumbuka yale maneno ya hapa ni kwetu, nazuia ninachotaka. Akamtazama Mektrida kwanza.

Mpelelezi aliinama mbele ya kiti. "Bibi. Huyu kijana alikuwa hapa kabla ya watu wa maji kufika. Wewe ulikuwa sokoni. Alikuja kufanya nini?"

Mektrida aligeuka taratibu akamtazama mjukuu wake. Alimtazama muda mrefu, hadi shati safi la Urbanus likalowa makwapani. Alijua. Kila aliyekuwa ndani ya ukumbi ule aliona kwamba bibi amejua.

"Alikuja kunisalimia," alisema. "Nilimwagiza mwenyewe aje."

Primus alifumba mdomo wake. Mpelelezi aliandika.

Mwantumu alingoja hasira ije, haikuja. Alikuwa amemkimbilia polisi kwa ajili ya wa kwao, akamtosa kila mtu mwingine, na angefanya hivyo tena. Bibi huyu alikuwa amefanya jambo lile lile. Tofauti yao ni kwamba wa bibi alikuwa hai, amesimama nyuma ya kiti, anapumua.

Nje walikuwa wanataka kumpakia Yusuph garini. Mwantumu alimwomba Dainess amfungue mkono mmoja, amlaze mdogo wake vizuri, ubavu wa kulia, kama inavyopasa kwa Mwislamu. Dainess alifikiri, akatoa ufunguo.